Tafuta klachi dhaifu inayotosha: ufafanuzi kwa mwenye gari la spoti lililoongezwa nguvu

Dalili ya kwanza huja kwenye gia kubwa. Uko gia ya nne au ya tano, gari linakwenda taratibu, injini iko kwenye mizunguko 3,000, unakanyaga mafuta mpaka mwisho. Turbo inajaa, mshale wa mizunguko unaruka hadi 4,500, lakini mshale wa mwendo unajivuta kama haukuambiwa. Baada ya sekunde chache inaingia harufu ndani, kali, ya kitu kama karatasi na raba vinavyoungua pamoja. Injini imefanya kazi yake. Klachi ndiyo iliyoshindwa kuifikisha kazi hiyo kwenye giaboksi.

Mara nyingi mwenye gari huwa ametoka kuliongezea nguvu: turbo kubwa zaidi, injekta kubwa, programu mpya kwenye kompyuta ya injini. Sasa anafungua orodha za wauzaji na kukuta klachi za "hatua ya kwanza" hadi "hatua ya tano", ogani na keramiki, sahani moja na sahani mbili, flaiwili nyepesi na nzito, na kila muuzaji akitaja idadi ya farasi ambayo klachi yake inaihimili. Kishawishi ni kununua ile yenye namba kubwa kuliko zote ili suala liishe. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote katika jambo hili. Klachi unayoitaka ni ile dhaifu kuliko zote ambazo hazitateleza kwenye gari lako. Inasikika kama mzaha, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Kwanza, kwa nini gia kubwa ndiyo inayoumbua klachi? Kwenye gia ya kwanza na ya pili gari ni jepesi kwa injini. Linachomoka, mizunguko inapanda haraka, sehemu ya nguvu inatumika kuizungusha injini yenyewe, na mara nyingi matairi huteleza kabla klachi haijateleza. Turbo nayo haipati muda wa kujaa. Kwenye gia ya nne au ya tano gari linakuwa zito, injini inakaa chini ya mzigo kamili kwa sekunde nyingi, na klachi inapokea kila kitu. Anayejaribu klachi kwa kulichomoa gari gia ya kwanza hajajaribu chochote cha maana.

Klachi haiwajui farasi

Idadi ya farasi ndiyo inayouza magari, na ndiyo inayouza klachi, lakini klachi yenyewe haiijui. Inachokihisi ni msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha inayotoka kwenye krankishafti, shafti kuu ya injini, na kupimwa kwa niutoni-mita (Nm). Farasi ni msokoto uliozidishwa kwa mizunguko. Ukitaka kurudi kutoka farasi kwenda msokoto, zidisha farasi kwa takribani 7,000 kisha gawanya kwa mizunguko kwa dakika.

Chukua injini mbili, zote za farasi 500. Ya kwanza haina turbo na inawapata farasi hao kwenye mizunguko 8,000: hapo msokoto wake ni karibu Nm 440. Ya pili ina turbo na inawapata kwenye mizunguko 4,000: msokoto ni karibu Nm 875. Farasi ni walewale, ila klachi ya gari la pili inahitaji uwezo mara mbili ya ile ya gari la kwanza. Ndiyo maana muuzaji anayekuambia "hii inabeba farasi 600" bila kutaja msokoto hajakuambia kitu.

Na hata msokoto una mahali pake pa kupimwa. Mashine inayopima nguvu kwenye matairi hutoa namba ndogo kuliko ile ya kwenye krankishafti, kwa sababu giaboksi, difu na beringi zimekula sehemu yake njiani. Klachi iko kabla ya vyote hivyo, hivyo inabeba namba kubwa. Baadhi ya watengenezaji hutangaza uwezo wa klachi kwa kipimo cha krankishafti, wengine kwa kipimo cha matairi, na ukichanganya vipimo hivyo viwili unaweza kununua klachi yenye upungufu huku karatasi ikisema inatosha. Kwa injini ya turbo ongeza jambo moja: msukumo wa hewa unaweza kuruka juu ya kiwango kilichowekwa kwa muda mfupi kabla ya kutulia. Klachi haisamehe kilele hicho kwa sababu kilikuwa kifupi.

Namba nne, na moja ambayo haimo

Ndani ya klachi kuna sahani iliyobanwa kati ya vipande viwili vya chuma. Upande mmoja ni flaiwili, iliyofungwa kwenye krankishafti. Upande wa pili ni presha pleti, inayosukumwa na springi ya daiaframu, lile bamba la duara lenye vidole vinavyoelekea katikati. Sahani yenyewe imevaa kwenye shafti ya giaboksi. Ukikanyaga pedali, rilizi beringi inasukuma vile vidole, presha pleti inarudi nyuma, sahani inabaki huru. Ukiachilia, springi inabana tena. Hakuna meno wala kufuli. Kila kitu kinategemea msuguano.

Uwezo wa kubeba msokoto unatokana na namba nne zinazozidishwa: kiwango cha msuguano wa lainingi (tabaka linalosuguana lililobandikwa kwenye sahani), nguvu ya springi ya kubana, nusu kipenyo cha wastani cha sehemu inayosuguana, na idadi ya nyuso zinazosuguana. Sahani moja ina nyuso mbili.

Tufanye hesabu. Sahani ya kipenyo cha milimita 240 kwa nje na 155 kwa ndani ina nusu kipenyo cha wastani cha karibu mita 0.099. Lainingi ya kawaida ina msuguano wa karibu 0.3. Springi inabana kwa niutoni 9,000. Zidisha vyote, kisha mara mbili kwa sababu ya nyuso mbili: unapata karibu Nm 535. Gari lilitoka kiwandani na Nm 420, kwa hiyo lilikuwa na akiba ya kutosha. Sasa lina 620. Akiba imekwisha na deni limeanza.

Kabla ya kuona jinsi ya kulilipa deni hilo, angalia kisichokuwemo kwenye hesabu: ukubwa wa eneo. Watu wengi huamini kwamba lainingi pana hushika zaidi, na wanashangaa kuona klachi za mashindano zikiwa na vipande vitatu, vinne au sita tu vya lainingi, kama vidole vya mkono vilivyofunguliwa. Ukipunguza eneo, nguvu ileile ya kubana inagawanywa kwenye sehemu ndogo, kila sentimita inabanwa zaidi, na jumla inabaki palepale. Vipande vichache vinafanya sahani iwe nyepesi, na ndiyo faida yake. Hasara ni kwamba kila kipande kinachakaa na kupata moto haraka zaidi, na klachi inashika kwa ghafla. Klachi ya vipande vinne inashika kuliko ya kawaida kwa sababu ya kile vipande hivyo vilichotengenezwa nacho, pamoja na springi iliyo nyuma yake. Umbo lenyewe haliongezi mshiko.

Kila namba ina bei yake

Njia rahisi zaidi ni kuongeza nguvu ya springi. Ikipanda kwa asilimia 30, mfano wetu unafika karibu Nm 695, kwa lainingi ileile laini. Lakini nguvu hiyo yote unaisukuma wewe kwa mguu, au unaisukuma kupitia haidroliki na uma (ule mkono unaosukuma rilizi beringi) ambavyo havikutengenezwa kwa ajili yake. Pedali inakuwa nzito, na anayeendesha kwenye foleni kila siku ataijua maana ya neno hilo ifikapo jioni. Kuna gharama nyingine isiyoonekana. Kila unapokanyaga klachi, krankishafti nzima inasukumwa kwa urefu wake, na kinachoizuia ni beringi nyembamba ndani ya injini inayotegemea utando wa mafuta. Presha pleti kali kupita kiasi inaila beringi hiyo, na kuibadilisha maana yake ni kufungua injini.

Njia ya pili ni kubadilisha lainingi, na hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Lainingi za kawaida, zinazouzwa kwa jina la ogani, ni nyuzi na unga wa vitu mbalimbali vilivyoshikanishwa kwa resini. Zamani asbesto ilikuwa mojawapo. Msuguano wake kwa kawaida ni kati ya 0.25 na 0.35. Zinashika kwa upole, hazipigi kelele, hazili flaiwili. Adui yake ni joto: resini ikizidiwa, uso unakuwa wa kung'aa kama kioo, msuguano unashuka, klachi inateleza, inapata moto zaidi, inateleza zaidi. Lainingi za aramidi, zile zinazojulikana kwa jina la kibiashara la Kevlar, hudumu muda mrefu sana na zinashika kwa upole pia, lakini zinahitaji uvumilivu wakati wa kuzizoesha, na zikishaungua mara moja hazirudi vizuri katika hali yake.

Keramiki ni jina la kimazoea tu. Vipande hivyo ni unga wa metali, hasa shaba au chuma, uliochanganywa na chembe za keramiki na kuokwa mpaka ukashikana. Msuguano wake hufika 0.4 na kupita, na joto ambalo lingeiua ogani halivitishi. Weka 0.4 kwenye mfano wetu bila kugusa springi: unapata karibu Nm 713. Pedali ni ileile, msokoto umeongezeka kwa theluthi. Inaonekana kama zawadi, mpaka siku ya kwanza ya kuondoa gari kwenye kilima.

Tatizo ni namna inavyoshika. Lainingi nzuri ya barabarani ina msuguano unaopungua kidogo kadiri sahani na flaiwili zinavyokaribiana mwendo, kwa hiyo dakika ya mwisho ya kushikana ni laini. Keramiki mara nyingi hufanya kinyume: kadiri tofauti ya mwendo inavyopungua ndivyo msuguano unavyopanda. Sahani inashika, shafti inajikunja kidogo, inaachia, inashika tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na gari zima linatetemeka kama lina homa. Huwezi kuiondoa hali hiyo kwa ustadi wa mguu. Unaweza kuificha tu, kwa kutumia mizunguko mingi na kuachilia haraka, ambako nako kunatesa giaboksi. Keramiki pia inaila flaiwili. Hakuna ubaya katika hayo kwa gari la uwanjani, linaloondoka mara moja na kusimama baada ya nusu saa. Kwa gari linalosimama kwenye taa 20 asubuhi na 20 jioni, ni adhabu.

Nusu kipenyo tunaweza kukipita haraka: nafasi ndani ya kasha la klachi ndiyo inayoamua, na mara nyingi hakuna pa kuongeza.

Imebaki idadi ya nyuso. Ongeza sahani ya pili na bamba la chuma katikati, nyuso zinakuwa nne. Mfano wetu wa Nm 535 unaruka hadi 1,070 kwa springi ileile, lainingi ileile laini, mguu uleule. Ndiyo sababu viwanda vyenyewe vilichagua njia hii nguvu zilipopanda: Chevrolet Corvette ZR1 ya mwaka 2009, yenye farasi 638 na msokoto wa Nm 819, ilitoka kiwandani na sahani mbili. Dodge Challenger Hellcat ya gia za mkono, farasi 707, hali kadhalika.

Faida ya pili ya sahani mbili imejificha kwenye hesabu ya kipenyo. Kila kitu kinachozunguka kina ukaidi dhidi ya kuongezwa au kupunguzwa mwendo, ile inayoitwa inesha. Kwa sahani za unene mmoja, uwezo wa msokoto hupungua sambamba na kipenyo, lakini inesha hupungua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Shusha kipenyo kutoka milimita 240 hadi 184, ambacho ni kipimo cha kawaida kwenye mashindano: kila sahani inabaki na asilimia 77 ya uwezo, na inesha inashuka hadi karibu asilimia 35. Weka mbili. Sasa una mara moja na nusu ya msokoto wa ile sahani kubwa moja, kwa inesha ya asilimia 69 tu. Sinkronaiza za giaboksi, ambazo kila unapobadilisha gia zinalazimika kuipunguza au kuiongeza mwendo sahani hiyo, zinapumua. Klachi za Formula 1 zimeifuata hesabu hii mpaka mwisho wake: sahani kadhaa za kaboni zenye kipenyo kisichofika milimita 100.

Bei ya sahani mbili ni pesa, vipande vingi zaidi vya kufungwa kwa usahihi, na kelele. Bamba la katikati lazima liwe na uhuru wa kusogea, na ukikanyaga pedali gari likiwa limesimama, linacheza na kugonga. Abiria atauliza kama kuna kitu kimelegea. Usidharau pia uwezekano wa sahani kuburuzika: nyuso nne zinahitaji kuachana zote, na haidroliki iliyochoka huacha mojawapo ikigusa, gia ya kurudi nyuma ikaingia kwa kusaga.

Joto ndilo linaloua

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba klachi ama inashika ama inateleza. Ukweli ni kwamba kila uondokapo, inateleza kwa makusudi, na hapo inafanya kazi ya jiko.

Kuna kanuni nzuri hapa. Ukiondoa gari huku injini ikibaki kwenye mizunguko ileile mpaka klachi ishike kabisa, joto linalobaki kwenye klachi ni sawa na nishati ya mwendo iliyopewa gari. Nusu kwa nusu. Gari la kilo 1,500 likiondolewa kwa kasi kwenye mizunguko 4,000, mpaka klachi inashika litakuwa kwenye kilomita 36 kwa saa hivi. Nishati yake ni kilojuli 75, kwa hiyo kilojuli nyingine 75 zimebaki kwenye chuma na lainingi. Kama flaiwili na presha pleti vina kilo 12 pamoja, chuma chote kingepanda nyuzi 13 au 14 tu. Lakini joto haliingii kwenye chuma chote kwa sekunde moja na nusu. Linaingia kwenye uso kwanza, na uso unaweza kuruka kwa mamia ya nyuzi kabla ndani hakujapata habari. Yale madoa ya bluu kwenye flaiwili iliyotolewa ni kumbukumbu ya nyakati hizo. Rudia kuondoka hivyo mara kumi mfululizo bila kupumzika, na hata wastani wa chuma kizima utakuwa umepanda kwa zaidi ya nyuzi 130.

Sasa linganisha na klachi inayoteleza kwenye mzigo kamili. Injini ya kilowati 300 ni karibu farasi 400. Sahani ikibaki nyuma ya flaiwili kwa asilimia 20 tu, kilowati 60 zinageuka joto, kilojuli 60 kila sekunde. Sekunde kumi za kukanyaga mafuta ni sawa na kuondoka kwa kasi mara nane bila nafasi katikati. Klachi iliyoanza kuteleza Jumatatu inaweza isione Jumamosi.

Hapa ndipo flaiwili inapoingia. Nyepesi inafanya injini ichangamke, mizunguko inapanda na kushuka upesi, na mtu anayependa gari hulipenda hilo mara moja. Lakini flaiwili ndiyo ghala la joto. Ukiikata kutoka kilo 9 hadi 4 umeondoa zaidi ya nusu ya ghala. Umeondoa pia akiba ya mzunguko inayokusaidia kuondoka taratibu: injini inazimika kwa urahisi, unaongeza mafuta, unateleza muda mrefu zaidi, joto linaongezeka. Kwa gari la nguvu nyingi la barabarani, mimi ningechagua uzito wa kati, na ningekataa katakata flaiwili ya chuma cha kusubu ambayo mtu ameichonga ili kuipunguza uzito. Chuma cha kusubu kikizidiwa na mizunguko hupasuka vipande, na vipande hivyo hupita kwenye sakafu ya gari, mahali miguu ilipo. Kama injini inafika mizunguko mikubwa, tafuta flaiwili ya feleji au chuma cha kufuliwa iliyo na muhuri wa SFI 1.1, kiwango cha Marekani kinachotumika kwenye mashindano.

Jambo jingine la flaiwili ni zile za vipande viwili vyenye springi katikati, ambazo LuK ya Ujerumani ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1985. Kazi yake ni kumeza mipigo ya injini kabla haijafika kwenye giaboksi. Zinachoka, ni ghali, na hazipendi msokoto uliozidi kiwango chake, hivyo wengi huzibadilisha na za kipande kimoja. Sawa, lakini mipigo haikuondoka. Ikiwa flaiwili haina springi, sahani lazima iwe nazo katikati yake. Kuweka flaiwili ya kipande kimoja pamoja na sahani isiyo na springi kwenye gari la barabarani ni kuyaachia meno ya giaboksi yapokee kila mlipuko wa kila silinda. Kelele zitaanza injini ikiwa imetulia tu, kama mawe kwenye debe.

Fyuzi

Nimefika kwenye sababu yenyewe ya kusema utafute klachi dhaifu.

Watu hufikiri kwamba kama injini ina Nm 620, basi giaboksi haiwezi kupata zaidi ya 620. Hilo ni kweli klachi ikiwa imeshashika. Lakini ukipandisha mizunguko hadi 5,000 na kuiachia pedali ghafla, krankishafti, flaiwili na presha pleti vina nishati yao wenyewe ya mzunguko, na vitaimwaga yote kwa mkupuo mmoja. Kinachoweka kikomo cha msokoto unaoingia kwenye giaboksi wakati huo ni uwezo wa klachi. Ya Nm 750 itapitisha kiasi hicho kisha itateleza, na kuteleza huko ndiko kunakookoa meno. Ya Nm 1,400 itapitisha 1,400. Gia ya kwanza huuzidisha mara tatu au zaidi, difu inauzidisha tena, na kitakachokatika ni chochote kilicho dhaifu zaidi: shafti ya giaboksi, ekseli, au tairi likibahatika kuteleza kwanza.

Klachi, basi, ni fyuzi, na hakuna anayeweka waya wa kufungia boma mahali pa fyuzi kisha akashangaa nyumba ikiungua. Mimi hulenga akiba ya asilimia 20 hadi 25 juu ya msokoto halisi wa krankishafti. Kwa gari letu la Nm 620, hiyo ni klachi ya 745 hadi 775. Mtu anayepanga kuongeza turbo nyingine mwaka ujao atasema anunue ya 1,200 leo ili asirudie kazi. Namwelewa, kushusha giaboksi mara mbili hakumfurahishi mtu. Lakini basi na akubali kwamba kwa mwaka mzima giaboksi yake haina fyuzi, na aache kuachia pedali ghafla.

Kuhusu zile "hatua": hakuna chombo chochote kinachozipima. Hatua ya tatu ya mtengenezaji mmoja inaweza kuwa dhaifu kuliko ya pili ya mwingine. Uliza lainingi ni ya nini, nguvu ya kubana ni kiasi gani ikilinganishwa na ya kiwandani, sahani ina springi au haina, na uwezo umepimwa wapi. Anayeshindwa kujibu manne hayo anauza stika.

Kwa hiyo gari la barabarani lisilozidi sana uwezo wa asili linatosheka na lainingi ya ogani na presha pleti iliyoongezwa kidogo. Likivuka hapo na bado linatumika kila siku, ningeruka keramiki ya sahani moja kabisa na kuweka akiba mpaka bei ya sahani mbili za ogani ipatikane. Keramiki ya sahani moja naiona kama chaguo la gari la uwanjani lenye bajeti ndogo. Na asiyeamini kwamba klachi kali inaweza kuharibu gari zuri akumbuke Porsche Carrera GT, iliyotengenezwa kati ya 2003 na 2006: farasi 612, klachi ya keramiki halisi, si ile ya unga wa metali, ya sahani mbili yenye kipenyo cha milimita 169 tu, iliyofanywa ndogo ili injini ikae chini kabisa. Kazi ya uhandisi isiyo na mfano, na gari lililojulikana duniani kote kwa kuzimika mikononi mwa madereva wazoefu. Dawa ilikuwa kuachilia pedali taratibu bila kugusa mafuta.

Siku ya kufunga

Kwenye kufunga sina mengi. Flaiwili ichongwe upya au iwe mpya. Lainingi mpya juu ya uso wenye madoa itatetemeka tangu siku ya kwanza. Badilisha rilizi beringi, beringi ndogo ya mwisho wa krankishafti na oili sili ya nyuma, kwa sababu tone moja la mafuta linafuta hesabu zote za hapo juu. Mafuta ya haidroliki yawe mapya. Hakikisha pedali haipeleki vidole vya springi mbali kuliko mtengenezaji anavyosema. Springi iliyokunjwa kupita kiasi hairudi na nguvu yake.

Halafu kuzoesha. Kwa lainingi ya ogani watengenezaji wengi husema kilomita 500 hadi 800 za mwendo wa mjini, bila kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Neno la kuangalia hapo ni mjini. Uso wa lainingi na uso wa flaiwili vinalingana kwa kushikana na kuachana, kwa hiyo kilomita 800 za barabara kuu gia ya sita hazihesabiki: klachi imeachiliwa mara tano tu tangu asubuhi, na jioni ni mpya kama ilivyotoka kwenye boksi.